Chungu cha Mama, Kasia la Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Milima ya Livingstone, mitumbwi huondoka Ikombe kuelekea Lyulilo, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa. Mwendo wake ni wa taratibu, maana shehena yake haitaki papara. Vyungu vimepangwa vikubwa chini na vidogo juu, na majani makavu yamesokomezwa katikati ili visigongane wimbi likipiga. Lyulilo iko pembeni tu mwa Matema, wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Hapo ufukweni ndipo soko la vyungu linapofanyika, na anayechelewa huambulia mabaki.

Mnunuzi huinua chungu, hukigonga kwa kifundo cha kidole, husikiliza mlio wake, kisha huuliza bei. Si rahisi ajue ni mikono mingapi iliyokigusa kabla hakijatua mchangani. Kuna aliyeuchimba udongo, aliyeuponda, aliyeufinyanga, aliyeteka maji, aliyekata nyasi na kuni za kuchomea, na aliyepiga kasia. Mara nyingi wote hao ni watu wa nyumba moja: bibi, mama, mabinti, wana wa kiume na baba.

Wazazi wengi siku hizi, hasa wa mijini, wanalalamika kwamba hawana la kufanya pamoja na watoto wao. Jioni kila mmoja yuko na simu yake. Mwambao huu wa kaskazini wa Nyasa una jibu la siku nyingi: ufinyanzi wa Wakisi, ususi wa mikeka, na cherehani za barazani. Katika kazi hizi familia hupata riziki, hupata mafunzo na hupata raha kwa wakati mmoja, na hakuna anayeona haja ya kuvitenganisha vitu hivyo vitatu.

Kwanza jiografia, maana bila hiyo chungu cha Kisi hakieleweki. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, kuanzia Ikombe na kuendelea kusini kupitia vijiji vya ufukweni hadi wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe. Milima inashuka karibu moja kwa moja hadi ziwani, na mahali pa kulima ni haba. Ukigeuka upande wa magharibi mambo ni tofauti kabisa. Bonde la Kyela, nchi ya Wanyakyusa, ni tambarare yenye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mpunga, ndizi, kakao na michikichi vinastawi kwa pamoja. Juu milimani wanakaa Wakinga, ambao zamani walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na alichokosa mwenzake. Wakisi walileta vyungu na samaki, Wakinga walileta majembe, na Wanyakyusa walitoa chakula.

Biashara hiyo ni ya zamani. Daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn, aliyezunguka nchi hizi enzi za mwanzo za utawala wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1906 kitabu kikubwa kuhusu watu wa Nyasa na Ruvuma, na Wakisi na ufinyanzi wao wamo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliwakuta Wanyakyusa wakitegemea vyungu vya Wakisi kwa mapishi ya kila siku. Na mapishi yenyewe yalitaka vyungu vya kila aina. Kuna cha kuchemshia mbalaga, yaani ndizi za kupikwa. Kuna cha samaki aina ya mbasa. Kuna mtungi wa maji. Na kuna kile kikubwa cha kimpumu, pombe ya ulezi ambayo wazee huizunguka na kuinywa kwa mirija.

Ufinyanzi wenyewe ni kazi ya wanawake, lakini hakuna mwanamke anayeimaliza peke yake.

Udongo wa kufinyangia hauchotwi popote. Unatakiwa uwe wa kunata, usio na mizizi wala vijiwe. Ukifika nyumbani huanikwa, hupondwa, huchambuliwa, hulowekwa, halafu hukandwa mpaka hewa yote itoke. Hatua ya kuchambua ndiyo wanayopewa watoto, na hawapewi kama adhabu. Mtoto wa miaka sita ana vidole vidogo na macho makali, na changarawe ambayo mtu mzima angeipita yeye huiona. Anajua pia kwa nini anaitafuta: udongo ukikauka na kuungua hunywea, jiwe halinywei, na pale penye jiwe ndipo ufa huanza. Chungu kikipasuka motoni, kila mtu pale nyumbani anajua kuna kijiwe kilichosahauliwa.

Kisha mama huketi chini. Donge la udongo analiweka juu ya kigae kipana kinachozungushwa kwa mkono. Hakuna gurudumu la mashine wala kanyagio la mguu. Mkono mmoja unazungusha, wa pili unavuta ukuta wa chungu kwenda juu, na macho hayaondoki kwenye mdomo wa chungu, kwa sababu mdomo ukienda upande, tumbo litaufuata. Gunzi la mahindi hupita juu ya ukuta ule na kuacha michirizi myembamba inayosawazisha mabonde. Kipande cha kibuyu kikavu hukwangua unene uliozidi. Kitambaa kilicholowa maji hulainisha ukingo. Vifaa vyote hivyo vinaenea kwenye kikapu kimoja, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa dukani.

Uzuri wa chungu cha Kisi uko kwenye wembamba wake. Ukuta ukiwa mnene, chungu huwa kizito, hula kuni nyingi na huchelewa kuchemka. Ukiwa mwembamba mno hubonyea kabla ya kukauka. Kati ya mipaka hiyo miwili hakuna rula inayosaidia, kuna vidole tu. Binti anayejifunza hushika chungu cha mama yake kwa nje na ndani kwa wakati mmoja, apime kwa kuhisi. Akikosea, mama humkanya kwa upole, “Taratibu mama, usikibonyeze,” kisha hulirudisha donge lote kwenye maji. Udongo mbichi haupotei. Ni malighafi inayomsamehe mwanafunzi mara nyingi atakavyo, na hilo linaufanya ufinyanzi kuwa kazi nzuri sana ya kuanzia watoto.

Chungu kilichofinyangwa hakipelekwi juani. Hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, maana jua kali hukausha nje huku ndani kukiwa bado kubichi, na nyufa hutokea. Kabla hakijakauka kabisa husuguliwa kwa jiwe laini lililookotwa ufukweni, ambalo lenyewe mawimbi yalikwisha kulisugua miaka mingi. Usuguaji huo unaziba vinyweleo na kukipa chungu mng’ao. Ngeu nyekundu na udongo mweupe hutumika kwa nakshi. Hapo napo mikono midogo inahitajika, na hapo ndipo kicheko hutawala, maana mtoto akiachiwa rangi hujipaka na yeye.

Kuchoma ni siku ya familia nzima. Hakuna tanuri la matofali. Vyungu hupangwa chini, hupashwa joto kidogo kidogo, kisha hufunikwa kwa kuni na nyasi na kuwashwa. Moto wa wazi wa namna hii hufikia nyuzijoto kati ya 600 na 900. Unyevu uliobaki kwenye udongo huchemka kwa nyuzi 100 tu. Mvuke wake ukikosa njia ya kutokea, hukipasua chungu kwa kishindo. Kwa hiyo mwanzo wa moto lazima uwe wa polepole. Joto likipita nyuzi 500 hivi, hata yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo huondoka, na kuanzia hapo chungu hakiwezi tena kurudi kuwa tope hata kikilowekwa mwaka mzima. Mvua za Kyela, ambazo kati ya Machi na Mei hunyesha usiku na mchana, ni adui mkubwa wa kazi hii. Kiangazi ndicho msimu wa kuchoma kwa uhakika.

Wanaume wana nafasi yao. Wao ni wavuvi na mabaharia wa ziwa hili. Mzigo wa vyungu ukishapoa, mtumbwi ule ule uliobeba nyavu jana unabeba vyungu leo. Kuupitisha mtumbwi uliojaa vyungu kwenye mawimbi ya Nyasa bila kuvunja hata kimoja ni ufundi unaostahili heshima sawa na wa mfinyanzi.

Wasomaji wanaofuatilia mambo ya urithi watakumbuka kwamba mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufinyanzi wa wanawake wa Sejnane, kaskazini mwa Tunisia, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wanawake wa Sejnane nao huchimba udongo wao, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu na huchoma kwa moto wa wazi, na binti hujifunza kwa mama. Kazi ya Ikombe haipungui kitu mbele ya ile. Inachokosa ni watu wa kwao wa kuisemea.

Kwa nini kazi hizi hupendeza zikifanywa na familia? Sababu kubwa ni kwamba mikono inashughulika lakini masikio na mdomo viko huru. Mtu anayesuka au anayesugua chungu anaweza kusimulia, kuimba, kutega kitendawili, kuuliza habari za shule, hata kuzungumzia jambo zito ambalo uso kwa uso lingekuwa gumu kulianza. Kijana wa miaka 14 asiyependa kuhojiwa na wazazi mezani huongea mwenyewe akiwa ameinamia kazi, kwa sababu hakuna anayemkazia macho. Shangazi na bibi wamelitumia jambo hili tangu zamani. Mafunzo mengi ya unyumba, ya heshima na ya nasaba yametolewa hivyo, kidogo kidogo, huku ukili, mkanda wa kusukia mkeka, ukirefuka.

Wavulana wa Kinyakyusa nao walikuwa na shule yao ya mikono. Katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, Monica Wilson alieleza jinsi wavulana wa kufikia miaka kumi hivi walivyotoka kwa baba zao na kuanza kijiji chao cha marika. Walijijengea vibanda wenyewe, wakiendelea kula kwa mama zao. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya kitoto, vya matete. Miaka ilivyopita ndivyo mikono ilivyokomaa, na kufikia wakati wa kuoa kijana alikuwa na uwezo wa kusimamisha nyumba ya mianzi. Wageni wa kwanza wa Kizungu, akiwemo Joseph Thomson aliyepita kaskazini mwa Nyasa mwaka 1879, waliandika kwa kuvutiwa sana na usafi na ufundi wa nyumba za Wanyakyusa. Ufundi huo ulianzia kwenye mchezo wa watoto.

Mkeka, kwa upande wake, ni kazi ya kusuka na kushona pamoja, jambo ambalo wengi wanaoulalia hawalifikirii. Majani ya ukindu, mti jamii ya mtende unaoota kwenye maeneo yenye maji, hukatwa yakiwa machanga, huanikwa mpaka yawe meupe, kisha huchanwa kwa urefu kuwa chane nyembamba. Zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa kwenye sufuria ya rangi: nyekundu, zambarau, kijani. Chane hulowekwa kidogo ili zisikatike, halafu husukwa kuwa ukili, ule mkanda mrefu usio na mwisho. Msukaji huuviringisha ukili wake kadiri unavyoongezeka, na mtu anaweza kubeba kazi yake akaenda nayo msibani, kilabuni au kliniki akaiendeleza huko huko. Ukili ukifika urefu unaotakiwa, huchukuliwa sindano kubwa na kuanza kushonwa ukingo kwa ukingo hadi upana wa mkeka utimie.

Hapo ndipo familia inapokutana tena, kwa kuwa kila mtu anaweza kusuka ukili wake kwa mwendo wake. Bibi anasuka wa nakshi, mama anasuka mweupe wa kujazia, binti anasuka ule mwembamba wa pindo. Mkeka mmoja unaweza kubeba mikono ya vizazi vitatu, na mwenye jicho la ususi hutambua upi ni wa nani kwa kuangalia ulivyokazwa. Wilaya ya Kyela haina uhaba wa matumizi ya mkeka. Mpunga hutaka pa kuanikwa, na kakao, zao ambalo sehemu kubwa ya linalouzwa nje na Tanzania hutoka wilaya hii, lazima ichachushwe kisha ianikwe juani kwa siku kadhaa ikigeuzwa geuzwa. Mbegu zilizoanikwa juu ya mkeka au chanja hukauka vizuri na hazichanganyiki na mchanga.

Kikapu nacho kimepata bahati mpya. Tangu tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara, mtu anayekwenda sokoni amelazimika kutafuta cha kubebea. Vikapu vya kusukwa vimerudi mikononi mwa vijana ambao miaka kumi iliyopita wangeviona vya kizee.

Cherehani ilikuja baadaye, nayo ikapokewa haraka. Miaka ya 1930 vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na baadaye wengine walikwenda migodini Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoajiri wafanyakazi wa migodi hiyo. Mshahara wa migodini ulinunua nguo, na kwa aliyebana matumizi ulinunua baiskeli au cherehani. Leo Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu mpakani na Malawi, barazani mwa maduka ya vitambaa hapakosi fundi anayekanyaga cherehani yake, futi shingoni, chaki sikioni. Vitenge ndiyo vazi la wanawake wa ukanda huu kuanzia shambani hadi harusini, na kila mshono mpya huacha vipande vya kitambaa chini ya meza.

Vipande hivyo visiende jalalani. Kwa familia inayotaka kuanza kushona pamoja bila gharama, hakuna mtaji bora kuliko mfuko wa mabaki ya fundi, ambao wengi huutoa bure au kwa bei ndogo. Shuka la viraka la kitanda cha mtoto, la sentimita 90 kwa 120, linahitaji vipande 48 tu: sita kwa upana na vinane kwa urefu. Kila kipande hukatwa sentimita 17 kila upande, ili sentimita moja ya kila ukingo iliwe na mshono na kibaki 15. Vitenge vifuliwe kwanza, maana vipya vina wanga na vingine huchuja rangi au hunywea. Vipigwe pasi. Mtoto wa miaka mitano apange rangi sakafuni kama apendavyo, na mkubwa asimwingilie sana. Hapo ndipo shuka linapokuwa la kwake. Wa miaka tisa anaweza kuunganisha vipande viwili viwili kwa sindano ya mkono. Mwenye cherehani aunganishe mistari. Katikati huwekwa blanketi kuukuu au khanga zilizochakaa, chini huwekwa kitenge kizima, kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mishono mirefu inayopita juu mpaka chini. Hiyo mishono ya mwisho ndiyo kazi ya kukaa duara: kila mtu na kona yake, sindano yake, na hadithi moja inayozunguka.

Asidhani mtu kwamba kushona viraka ni mambo ya Ulaya tu. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, kizazi cha Waafrika waliopelekwa huko na Wareno kupitia Goa kuanzia karne ya 16, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Msumbiji. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka kwa nguo kuukuu za familia. Huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na kila kona humaliziwa kwa pembetatu ndogo za kitambaa kilichokunjwa, wanazoziita maua. Kwao blanketi lisilo na maua hayo ni kama lililo uchi. Hushonewa watoto na wajukuu, na sari ya bibi huendelea kumfunika mjukuu hata bibi asipokuwepo.

Kule Marekani, katika kijiji cha Gee’s Bend, Alabama, wanawake weusi, vizazi vya watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mablanketi ya viraka kwa suruali za kazi zilizochakaa ili watoto wasipigwe na baridi katika nyumba zenye nyufa. Mwaka 1966 walishiriki kuanzisha ushirika wa kuuza kazi zao. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Wale akina mama walikuwa wanawakinga watoto wao na baridi. Ulimwengu ukaja baadaye kusema ile ni sanaa.

Kufuma ni lugha nyingine ya nyumba za Kyela, kama ilivyo Tanzania nzima. Vitambaa vya makochi, vya mezani na vya televisheni, vilivyofumwa kwa uzi mweupe au wa rangi, ni fahari ya sebule na zawadi ya bibi harusi. Sindano moja ya kufumia na bonge la uzi vinatosha kuanzia. Msichana hufundishwa na dada au mama mdogo likizo ya Desemba, na ikifika Juni ana kitambaa chake cha kwanza, kilichopinda kidogo upande mmoja. Wavulana wengi huachwa nje ya kazi hii, na ni hasara. Mafundi cherehani wa barazani wengi ni wanaume. Hakuna sababu mtoto wa kiume asijue kufuma, kutia kifungo na kupiga pindo la suruali yake mwenyewe.

Pamoja na uzuri wote huo, hali si shwari. Ndoo ya plastiki haivunjiki ikianguka, sufuria ya alumini huchemsha haraka, na mkeka wa nailoni unauzwa kwa bei ambayo msukaji wa ukindu hawezi kuifikia. Mama wa Ikombe akipiga hesabu ya siku alizotumia, kuni alizochoma na vyungu vilivyopasuka, anachobaki nacho ni kidogo. Mnunuzi anayesimama mbele yake na kuomba apunguziwe nusu ya bei anapaswa kuifikiria hesabu hiyo. Binti anayeona mama yake akibishaniwa bei kila Jumamosi hawezi kulaumiwa akiamua kwenda kuuza vocha mjini.

Kuna milango iliyofunguka kidogo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na ushonaji una nafasi humo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wafinyanzi au washonaji kilichosajiliwa kinaweza kuomba. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi Mbeya, na kazi yake ni pamoja na kuwasaidia watu wa namna hii katika ufungashaji na masoko. Ufungashaji hasa ndio unaohitajika. Chungu cha Kisi kingefika salama Dodoma, Dar es Salaam na mbali zaidi kama kingekuwa na sanduku la kukifaa.

Lakini hakuna mkopo wala mtaala utakaochukua nafasi ya saa mbili za jioni ambazo mzazi anakaa na wanawe, sindano au udongo mkononi. Mwalimu wa amali atafundisha namna ya kushona. Jinsi bibi alivyokuwa akikaza ukili wake, atafundisha nani asipokuwa wa nyumbani?

Anayetaka kuanza aanze na kilicho karibu. Mwenye fundi jirani aombe vipande vya vitenge. Mwenye bibi anayejua kusuka amwendee sasa, na wajukuu, angali na nguvu ya vidole. Na anayeweza kufika Matema afike Ijumaa, alale, Jumamosi awahi Lyulilo mapema kabla vyungu vyembamba havijachukuliwa. Akigonge chungu kabla ya kulipa: mlio mkali unaokaa sikioni ni wa kizima, mlio uliokufa ni wa chenye ufa. Alipe bei inayotajwa. Akifika nyumbani akiloweke kwenye maji usiku kucha, kisha akichemshie uji mwepesi kwa moto mdogo kabla ya kukipikia kitu kingine chochote. Wanga wa uji huingia kwenye vinyweleo na kuviziba, na baada ya hapo chungu hicho hakitavuja. Maharage ya kwanza yapikwe siku inayofuata, kwa moto wa taratibu, na watoto wawepo.